Kubandua tinti ya zamani kwenye vioo vya gari: maswali ninayoulizwa kila siku

Kazi yangu ni vioo vya magari, hapa Dar es Salaam. Watu wananijua kwa kubandika tinti, lakini siku nyingi asubuhi yangu yote huishia kubandua ile iliyobandikwa na mtu mwingine miaka mingi nyuma. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na wateja, wengine wakiwa wameshaanza wenyewe nyumbani na kukwama katikati. Kabla hujasoma lolote, shika hili: kuvuta plastiki ni sehemu ndogo tu. Kazi iko kwenye gundi. Anayeiheshimu gundi anamaliza salama, anayevuta kwa hasira anajiongezea siku nzima ya kukwangua.

Nitajuaje kwamba tinti yangu imefika mwisho?

Tazama rangi kwanza. Ikiwa nyeusi imegeuka zambarau, imekufa. Kisha tazama mapovu, hasa kioo cha nyuma, na kingo zilizoanza kujikunja karibu na raba. Ukibonyeza povu kwa kidole likahama au likarudi, gundi ya hapo haishiki tena na hakuna dawa ya kuirudisha.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni usiku. Mwalimu mmoja aliniletea Corolla ya zamani, akasema akirudi nyuma usiku hushusha vioo vyote na kutoa kichwa nje, hata mvua ikinyesha. Nilikaa kwenye kiti chake giza lilipoingia, nikatazama nyuma kwa kioo cha ndani. Bodaboda iliyokuwa inakuja niliiona kama doa la zambarau lililotandaa, halina umbo wala umbali. Gari likifika hapo, usiulize kama tinti inapendeza au haipendezi. Itoe.

Kwa nini inageuka zambarau? Mbona ya jirani yangu haijageuka?

Tinti za bei nafuu hupata weusi wake kwa rangi iliyochanganywa kwenye plastiki au kwenye gundi. Weusi huo ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na jua haliziunguzi zote kwa kasi moja. Zilizo dhaifu hupotea kwanza, zinazobaki ndizo zinazokupa zambarau. Jirani yako huenda ana filamu ya kaboni au ya seramiki, ambazo hazitegemei rangi ya namna hiyo. Au gari lake hulala chini ya mwembe na lako linashinda juani.

Vioo vyangu vya nyuma ni vyeusi lakini sioni ukingo wa filamu popote. Nabandua vipi?

Huenda hakuna cha kubandua. Magari mengi tunayoagiza Japani, hasa ya familia kama Noah, Vanguard na Harrier, hutoka kiwandani na vioo vya nyuma vilivyotiwa weusi ndani ya kioo chenyewe. Kule sheria inataka kioo cha mbele na vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, kwa hiyo gari linashuka bandarini likiwa jeupe mbele na jeusi nyuma.

Shusha kioo cha mlango wa nyuma nusu, utazame ukingo wake wa juu. Filamu huishia milimita moja au mbili kabla ya mwisho wa kioo, na hapo utaona mstari mwembamba mweupe. Pitisha ukucha kutoka ukingoni kushuka chini, upande wa ndani. Ukucha ukijikwaa, kuna filamu. Ukiteleza mpaka chini bila kugusa ngazi yoyote, weusi ni wa kioo. Nimeona mtu amekwangua kioo cha kiwandani kwa wembe mkavu kutwa nzima. Alichopata ni mikwaruzo ambayo haitoki.

Wakati mwingine vyote viwili vipo: kioo cheusi cha kiwandani na juu yake filamu aliyoongeza mwenye gari wa kwanza. Hapo filamu inatoka, weusi wa kioo unabaki.

Naweza kufanya mwenyewe, au lazima niende kwa fundi?

Vioo vya milango, fanya mwenyewe kama una subira na nusu siku. Kioo cha nyuma chenye mistari, soma kwanza sehemu yake hapa chini, kisha uamue. Kama mkono wako hauna utulivu au una haraka ya safari kesho, peleka kwa fundi hicho kimoja tu.

Nahitaji vifaa gani?

Mashine ya mvuke ya kunyooshea nguo, ile ya kushika mkononi inatosha. Kama huna, draya ya saluni. Chupa ya kupulizia maji, yenye maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo. Nyembe mpya kadhaa pamoja na kishikio chake. Kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake. Taulo mbili kuukuu na vitambaa laini visivyoacha nyuzi. Spiriti ya duka la dawa. Mwisho, tochi ya simu.

Taulo watu huzisahau. Zitandaze juu ya kava ya ndani ya mlango, zifunike swichi za vioo na spika. Maji yenye sabuni yakiingia kwenye swichi, utaokoa pesa ya tinti na kulipa fundi umeme.

Naanzaje kioo cha mlango?

Egesha kivulini, fungua milango yote. Safisha kioo pande zote mbili ili mchanga usije ukasugua baadaye. Kishushe sentimita chache ili ukingo wa juu uonekane, kwa sababu hapo ndipo pa kuanzia. Chini kwenye raba utahangaika bure.

Piga mvuke upande wa ndani, juu ya filamu, ukitembeza taratibu kutoka kona hadi kona kwa dakika moja au mbili, mpaka kioo kiwe cha moto kwa mkono lakini kisiunguze. Sasa ingiza kona ya wembe chini ya ukingo wa filamu, uinue kipande cha kushika kwa vidole viwili. Usivute bado. Elekeza mvuke pale pale filamu inapoachana na kioo, kwenye ule mstari wa mpasuko, na uache joto litangulie. Ndipo uvute, polepole, ukiirudisha filamu karibu na kioo kama unavyobandua plasta kwenye kidonda cha mtoto. Usiivute kwako moja kwa moja.

Sikiliza. Gundi iliyolainika hutoa sauti ndogo ya kunata, ndefu na ya chini. Ukisikia mrindimo mkali wa kuchanika, umetangulia joto. Simama, rudisha mvuke, subiri. Mkono wenye haraka unaondoka na plastiki na kuiacha gundi yote kwenye kioo. Mkono wa taratibu unaondoka na vyote viwili, na hapo kazi ya saa nzima inakuwa imekwisha bila wewe kujua.

Ukifika chini, pandisha kioo, inua raba kidogo kwa kadi ya plastiki, umalizie ile sehemu iliyojificha.

Filamu imetoka, lakini imebaki nyingine nyembamba kama nailoni. Nimekosea wapi?

Hujakosea sana. Filamu nyingi zina tabaka zaidi ya moja zilizogandishwa pamoja, na zikizeeka tabaka la juu linaachia kabla ya la chini. Lililobaki lina gundi yote na halina nguvu ya kuvutwa. Usilikwangue kavu. Lipulizie maji ya sabuni, funika kwa gazeti lililoloweshwa au kipande cha plastiki lisikauke, liache robo saa. Kisha mvuke tena, anza kona mpya. Litatoka vipande vipande. Ni kazi ya kuchosha, na nakuhurumia, lakini njia ya mkato haipo.

Sina mashine ya mvuke. Jua la Dar haliwezi kunisaidia?

Linaweza, na vizuri sana. Tafuta mfuko mweusi wa taka. Mifuko ya kubebea ndiyo iliyopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, ya taka bado inauzwa. Upasue, uukate sawa na kioo. Pulizia maji ya sabuni kioo kwa nje, bandika mfuko, uulainishe kwa mkono ugande. Geuza gari kioo hicho kielekee jua, kati ya saa sita na saa tisa mchana, ufunge milango yote. Weusi wa mfuko unavuta joto, kioo kinalipokea, gundi inalainika. Baada ya saa moja ingia, anza kona, uvute wakati kioo kingali cha moto.

Gari lililofungwa juani linageuka tanuri. Asiachwe mtoto ndani, hata kwa dakika mbili. Na wewe mwenyewe fungua milango kwanza, hewa ibadilike, ndipo uingie.

Mashine ya hewa moto ya mafundi je?

Ina nguvu kupita mahitaji ya kazi hii. Ikikaa sehemu moja, kioo kinapata moto doa moja na baridi pembeni, na kioo cha mlango kikizidiwa hakitoi ufa. Kinamwagika chote kuwa punje. Inaunguza raba na dashibodi pia. Ukilazimika kuitumia, iweke chini kabisa, isisimame hata kidogo. Kwa joto la aina yoyote, usimwagie maji baridi kioo cha moto.

Kioo cha nyuma chenye ile mistari ya rangi ya kahawia: nifanye nini nisiiharibu?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapolia.

Mistari ile ni nyaya zilizochapwa kwenye uso wa kioo, upande wa ndani, kwa rangi yenye fedha, kisha zikachomwa pamoja na kioo. Umeme ukipita, inapata joto na kufuta ukungu. Kwenye magari mengine, baadhi ya mistari ni antena ya redio. Filamu imebandikwa juu yake moja kwa moja, kwa hiyo gundi imeshika mistari kama ilivyoshika kioo. Mtu wa Dar anaweza kusema haihitaji, lakini anayeishi Njombe au Lushoto anaijua thamani yake asubuhi ya mwezi wa saba, na hata hapa Pwani masika yakishika, kioo cha nyuma hupiga ukungu usione kitu.

Nilipokuwa najifunza kazi niliikata mistari mitatu kwenye gari la mama mmoja kwa kupitisha wembe mara moja tu, kutoka juu kwenda chini, nikitaka kuwahi. Sikusikia kitu. Kioo kilionekana kizuri, kinang'aa. Alirudi mvua zilipoanza, akaniwashia swichi mbele yangu: ukungu ulifutika juu na chini, katikati ukabaki ukanda mpana kama shuka. Nililipa kioo kile kwa mshahara wangu. Tangu siku hiyo wembe wangu haugusi eneo la mistari, awe mteja ana haraka kiasi gani.

Kwanza, joto liwe la kutosha kuliko kwenye mlango. Mimi hutumia jua na mfuko mweusi kwa nje, kisha mvuke kwa ndani. Pili, vuta filamu kwa kufuata mistari, yaani kutoka upande wa kushoto kwenda kulia au kinyume chake. Usivute kuikata mistari kutoka juu kwenda chini. Tatu, tafuta zile sehemu mbili pembeni ambako waya wa gari unaungana na kioo. Kile kipande cha bati kimeshikwa kwa lehemu tu, na filamu ikinasa hapo na ukavuta, kinang'oka. Kata filamu kukizunguka kwa uangalifu, uiache ile pembe ndogo itoke mwisho kwa maji na kidole.

Nne, gundi iliyobaki itolewe kwa taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa. Libandike, liache dakika kumi, kisha sukuma gundi kwa ukucha au kadi ya plastiki, daima kufuata mistari. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zisiingie kabisa ndani ya gari siku hiyo.

Kwenye IST na magari ya namna hiyo, mlango wa nyuma unafunguka, kazi ni rahisi. Kwenye magari yenye buti iliyotengana na kiti cha nyuma, kama Corolla au Premio, utalala kifudifudi kwenye kiti cha nyuma na shingo itakuuma. Toa viegemeo vya kichwa kwanza.

Nitajuaje kama nimekata mstari, na je, unarekebishika?

Pumulia kioo mpaka kipate ukungu, au subiri asubuhi ya mvua, kisha washa swichi. Mstari mzima hufuta ukungu wake. Uliokatika huacha ukungu.

Kupata penye mkato, fundi umeme hutumia mita. Mzunguko ukiwa umewashwa, volti hupungua kidogo kidogo kutoka upande mmoja wa mstari hadi mwingine, kuanzia kama 12 hadi karibu sifuri, na katikati hupata kama 6. Pale zinaporuka ghafla ndipo penye mkato. Kuna rangi maalumu yenye fedha ya kuunganishia, huuzwa kwenye vichupa vidogo. Mkato mmoja au miwili unarekebishika vizuri. Ukiwa umekwangua eneo zima, tafuta kioo kingine.

Filamu imetoka yote, lakini kioo kina ukungu unaonata. Nitoe vipi hiyo gundi?

Kwenye vioo visivyo na mistari: pulizia maji ya sabuni kwa wingi, acha dakika kumi huku ukiyaongeza, kisha wembe mpya, umelazwa, usukumwe upande mmoja tu. Usirudi nao nyuma, maana chembe ya mchanga iliyo chini yake ndiyo inayochora. Wembe ukianza kukwama, tupa, chukua mwingine. Kioo kiwe kimelowa muda wote. Gundi itajikusanya mbele ya wembe kama utando wa uji. Ifute kwa kitambaa, usiiache ikauke tena.

Malizia kwa spiriti kwenye kitambaa safi. Kisha funga macho upitishe ncha za vidole kote, kwa sababu vidole vinaona gundi kuliko macho. Usiku mulika tochi ya simu kwa nje kwa pembe. Kila doa litajitokeza.

Nimesikia amonia inalainisha gundi haraka. Na mafuta ya taa?

Amonia inafanya kazi, ni kweli. Lakini mvuke wake kwenye gari lililofungwa unachoma macho na mapafu, na yenyewe ikidondoka inaharibu ngozi ya viti na plastiki za dashibodi. Sijaitumia miaka mingi na sijaikosa. Hatari kubwa ni mtu kuichanganya na Jik au dawa nyingine yenye klorini, akidhani anaongeza nguvu. Hapo hutoka gesi ya sumu. Usifanye hivyo, si garini wala chooni.

Mafuta ya taa yanalainisha gundi lakini yanaacha utelezi, na tinti mpya haishiki juu ya mafuta. Ukiyatumia, osha kwa sabuni mara mbili, kisha spiriti, na yasikaribiane na draya wala kitu chochote cha moto. Petroli, hapana.

Kioo cha mbele kina utepe mweusi juu. Nao unatoka?

Mara nyingi hautoki. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati, na utepe ule wa kijani au buluu unaofifia kuelekea chini uko humo katikati. Ukucha utakuambia, kama nilivyoeleza juu. Vile vidoti vyeusi vinavyozunguka kioo pembeni navyo ni vya kiwandani, vinalinda gundi inayoshikilia kioo kwenye bodi. Usivikwangue.

Inachukua muda gani?

Kwa mikono yangu, kioo cha mlango ni kama dakika 20 pamoja na gundi. Kioo cha nyuma kinaweza kula saa mbili, na kikiwa kimebandikwa filamu juu ya filamu, zaidi. Anayefanya mara ya kwanza azidishe mara mbili, na agawe kazi siku mbili: milango leo, nyuma kesho.

Nikipeleka kwa fundi, niangalie nini?

Washa swichi ya kioo cha nyuma mbele yake kabla hajaanza, mkubaliane mistari mingapi inafanya kazi. Muulize atatoaje gundi ya pale. Akijibu "kwa wembe," mshukuru, uondoke. Patana bei ya kutoa filamu na gundi kwa pamoja, kwa sababu wapo wanaovuta plastiki, wakapokea pesa, na gundi ukaigundua usiku taa za gari la nyuma zilipokupiga.

Naishi Uingereza, gari nimelinunua likiwa na tinti mbele. Nibandue?

Lipimwe. Kwa magari yaliyoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Aprili 1985, kule kioo cha mbele lazima kipitishe angalau asilimia 75 ya mwanga, na vya pembeni vya mbele asilimia 70. Vya nyuma havina kiwango. Filamu nyeusi tunayoizoea huku haiwezi kufika hapo. Na kwenye baridi ya huko, usijaribu mfuko wa taka na jua. Tumia mvuke, na washa hita ya gari kwanza kioo kipate uvuguvugu.

Nikishabandua, naweza kubandika mpya siku hiyo hiyo?

Ndiyo, kama vidole vyako havikukuta gundi popote na raba zimekauka. Chagua namba kwa akili. Namba ya filamu ni asilimia ya mwanga unaopita, na kioo chenyewe tayari kimeshakula sehemu. Filamu ya 35 juu ya kioo kinachopitisha 80 inakuacha na 28. Watu husahau hesabu hiyo, wakaja kulalamika kwamba ni nyeusi kuliko walivyoagiza. Kwa kioo cha nyuma cha kiwandani kilicho cheusi tayari, ninawashauri wateja wachukue filamu nyepesi inayozuia joto, kwa sababu weusi hauna uhusiano wa moja kwa moja na ubaridi.

Baada ya hapo, vioo visishushwe kwa siku tatu hadi tano. Ninabandika kipande cha karatasi juu ya swichi za milango, nimeandika SISHUSHWI, kwa ajili ya watoto.